Mstari wa Mililita Tano

Dada alijaza kikombe maji mpaka kwenye mstari wa mililita tano, kisha akayafyonza kwa bomba la sindano. Bomba likasoma sita na nusu. Akarudia. Sita na nusu. Akarudia mara ya tatu, akiomba awe yeye ndiye aliyekosea. Hakukosea.

Mlangoni yalipangwa maboksi ya vikombe elfu nne vya kupimia dawa ya watoto. Gari la mteja lilikuwa njiani.

"Mdogo wangu," akaita, "njoo uone kazi ya Bwana Harusi wako."

Bwana Harusi ndilo jina waliloipa ile mashine mpya ya kuchapa mistari kwenye vikombe: inang'aa, kila mgeni anaitazama, na haijulikani itafanya kazi gani kesho. Mdogo wake, mwenye karakana, ndiye aliyeileta. Kabla hajainunua, Dada alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Bamba la chuma limechorwa kwa kuchimbwa. Wino unamwagwa juu, kisu kinakwangua, unabaki ule wa kwenye mashimo tu. Mto wa mpira laini unashuka, unauinua wino, unaenda kuubandika kwenye kikombe. Mto unajikunja kufuata umbo la kitu, na hapo ndipo penye siri yote. Basi anza na kitu chenyewe. Kimepinda vipi? Mchoro wake mkubwa kiasi gani? Ndipo utafute mto unaouzidi mchoro, wenye kichwa kilichochongoka ili ufukuze hewa. Mashine inakuja mwisho, ile inayoweza kuubeba mto huo.

Mdogo wake aliitikia kila neno, kisha akaenda kununua kwa kuangalia kasi.

"Inapiga chapa vikombe elfu moja kwa saa, dada," alijitetea sasa.

"Hata kuku anadonoa upesi. Umewahi kumpa kalamu?" Akamsogezea kikombe. "Mto wake mdogo. Ili ufike pembeni umeubonyeza mpaka ukatanuka, na mistari ya juu ikapanda nao."

"Ni unywele tu. Nani atapima?"

"Mimi nimepima."

"Mteja kaviona, kavipenda."

"Mteja kaona rangi."

Mdogo wake akatazama maboksi. "Tukivizuia, ataenda kwingine. Hapa tutafunga."

Dada akashusha sauti.

"Mwanao homa imepungua?"

"Kidogo. Jana alilala."

"Dawa mnampimia kwa kikombe gani?"

Akakizungusha kikombe vidoleni.

"Nimeuliza."

"Kile cha zamani. Ulichopiga wewe. Wifi yako aliona mistari ya hivi vipya imekaa juu."

Hapo hasira ya Dada, iliyokuwa ikitokota tangu asubuhi, ikafurika. Hakupiga kelele.

"Kumbe ulijua. Wako ni mtoto, wa wenzio ni maboksi."

Gari likapiga honi nje. Mdogo wake akatoka. Dada akamsikia akimwambia dereva kwamba mzigo hautoki, kosa ni lake yeye mwenye karakana, na atampigia mteja simu. Aliporudi alichukua msumari na nyundo, akafungua boksi la kwanza, akaanza kuvitoboa vikombe chini, kimoja kimoja, asije mtu akavitumia.

Dada hakumsaidia. Alikwenda pembeni kufunua mashine ya zamani ya mkono, akitarajia kukuta vumbi la mwezi mzima. Mto ulikuwa safi. Kando yake palikuwa na vipande vya utepe wa gundi vilivyonasa vumbi, kama alivyomfundisha mdogo wake zamani: mto husafishwa kwa utepe, haukwaruzwi. Wenye kujua hivyo pale ndani walikuwa wawili tu.

Akavitazama vile vipande. Hasira haikutoka, lakini alivuta kigoda cha pili, akakiweka upande wa kisu.

"Ukimaliza hilo boksi," akasema bila kugeuka, "lete gunia la vikombe ambavyo havijachapwa. Wewe utakwangua, mimi nibonyeze. Na cha kwanza tunapima."