Uwanja wa Kupuria Mahindi

Mwalimu Adero alikuwa na waigizaji saba na mchezo uliokamilika, ila hakuwa na pa kuuchezea. Ilikuwa mwaka wa 2009, mwaka na ushei tangu vita vya uchaguzi, na Eldoret bado watu wakikusanyika kidogo tu walitiliwa shaka. Ukumbi wa mjini ulitaka barua ya polisi. Polisi walitaka barua ya chifu. Chifu aliusoma mchezo wote huku amekunja uso.

"Hapa kuna ndugu wawili wanapigania mpaka," akasema. "Toa mpaka."

"Nikiutoa, mzee, watapigania nini?"

"Hiyo ni kazi yako, mwalimu."

Akarudi Kesses, alikofundisha, kwa hasira. Waigizaji walikuwa wakimngoja darasani. Badala ya mazoezi akawapa somo, maana angenyamaza angelia. Akawaambia kwamba kumbi ni mambo ya juzi. Wagiriki wa kale, wengine husema, walianza kuimba na kucheza kwenye viwanja vya mviringo vya kupuria nafaka, watazamaji wakiwa wameketi mteremkoni. Mabenchi ya mbao yalikuja baadaye, na ya mawe baadaye zaidi.

"Hakukuwa na mlango," akasema, "wala wa kuombwa ufunguo."

Chelimo, aliyeigiza mama wa wale ndugu, akainua mkono. "Si Mzee Waweru wa Cheptiret ako na place kama hiyo? Pale chini anapurianga mahindi?"

Waweru alikuwa mwenye duka. Lilichomwa katika vita vile pamoja na nyumba yake, akakaa kambi ya wakimbizi miezi minane, kisha akarudi na kujenga upya kwa mabati. Aliwasikiliza bila kuacha kupima sukari.

"Chezeni," akasema. "Lakini moto sitaki kuuona hapa kwangu. Hata wa kuigiza."

Mchezo uliishia kwa nyumba kuungua. Adero akakesha na kalamu siku tatu, akifuta na kumlaani kila aliyewahi kumwomba kibali, mpaka akapata mwisho mwingine: ndugu mdogo anarudi nyumbani, anamkuta kaka yake amehamia humo, na anamwambia maneno machache. Hayo maneno aliyapenda kuliko yote aliyowahi kuandika.

Jumamosi alasiri walikuja watu kama themanini. Wakikuyu waliketi upande huu wa mteremko, Wakalenjin upande ule, katikati nyasi tupu upana wa barabara. Adero aliwaomba wasogeleane. Hakuna aliyesogea.

Hata hivyo walicheka pamoja, na chifu wa mchezoni alipoingia walicheka zaidi. Ndugu mdogo alikuwa ndiyo kwanza anabisha hodi wakati polisi wawili waliposhuka kwenye Land Rover.

"Mkubwa ni nani hapa? Kibali kiko wapi?"

Adero hakuwa nacho. Wakaondoka naye.

Kituoni alihojiwa mpaka jua likazama.

"Mkutano wa nini?"

"Mchezo."

"Mchezo wa chama gani?"

Aliandikishwa maelezo yale yale mara tatu. Alipoachiliwa, alimkuta Chelimo nje ya lango.

"Mwalimu, watu hawakuenda nyumbani," Chelimo akasema. "Walikataa kwenda bila kujua mwisho. Mzee Waweru akaingia kwenye uwanja, akasimama pale pa ndugu mdogo. Akauliza watu wa upande wetu, Wakalenjin, ni nani alibeba mlango wake siku ya moto. Mlango tu. Hakuuliza kitu kingine."

"Halafu?"

"Mzee mmoja wa kwetu akashuka. Akasema anajua uko wapi. Wakaongea sana, na watu wakashuka kusikiliza, wote."

"Na maneno yangu ya mwisho?"

"Hakuna mtu aliyasema, mwalimu."

Adero alijua kwamba ilimpasa afurahi. Lakini miezi mitatu ya kubembeleza maofisa ilikuwa imemleta hadi kwenye benchi la kituo, na jambo lenyewe limetokea yeye hayupo. Akamwomba Chelimo aanze upya, tangu Waweru alipoinuka, asiruke neno. Chelimo akajaribu mara mbili, akakwama palepale.

"Waliongea Kikuyu na Kikalenjin na Kiswahili, zote pamoja," akasema. "Sikushika yote."