Nafasi Alizoziacha Mume Wangu

Miezi miwili baada ya kumzika mume wangu, ofisi ya maji iliniita nikakalie kiti chake. Alikuwa karani pale kwa miaka kumi na mmoja. Mimi nilizoea cherehani, si kompyuta, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: siku ya kwanza sikuthubutu hata kwenda kunywa maji bila kuaga.

Kunifundisha aliachiwa katibu muhtasi, mama mnene wa miwani ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Pambizo, kwa sababu barua yenye pambizo zisizolingana ilimpandisha presha.

"Shemeji, ondoa hofu, haiumi," aliniambia. "Ila kabla ya kuamuru, chagua. Ukitaka neno liwe zito, herufi zikolee, lipitie kwanza na kipanya mpaka libadilike rangi. Huwezi kusema 'wewe, njoo' kwenye chumba kilichojaa watu ukategemea ajue ni nani."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Wiki ya tatu meneja akaleta kazi ya kweli. Mume wangu alikuwa ameacha mwongozo wa kutunza pampu, kurasa ishirini na sita, alioumaliza siku chache kabla homa haijamlaza. Ulitakiwa unyooshwe, upelekwe kupigwa chapa.

Bi Pambizo aliufungua, akaguna. "Marehemu alikuwa mtu wa watu, lakini kompyuta aliitumia kama taipureta. Tazama." Akabonyeza alama moja juu ya skrini, ukurasa ukajaa nukta ndogo ndogo kama sisimizi. "Kila nukta ni mara moja aliyogonga kitufe cha nafasi. Kichwa hiki angekipeleka katikati kwa kubonyeza mara moja tu. Yeye amekisukuma mara thelathini na moja! Zifute zote."

Simu ikaita, akaenda kuipokea.

Nilibaki na zile nukta. Nilimjua mtu huyu. Hata kabati la nyumbani alilihamisha hivyo hivyo, kidogo kidogo, akikataa msaada. Nilishuka ukurasa baada ya ukurasa nikiliona dole gumba lake likigonga. Kwenye ukurasa wa ishirini na nne, katikati ya sentensi, nukta zilijipanga nusu ukurasa bila neno hata moja. Labda alisinzia, kidole kikabaki pale. Labda homa ilikuwa imeshaanza, naye hakuniambia.

Bi Pambizo aliporudi nilimwuliza, "Naweza kubaki na nakala yake kama ilivyo?"

"Kwa nini usiweze? Kabla hujagusa kitu, ihifadhi kwa jina jipya. Jina jipya, shemeji, si hilo hilo."

Niliitikia. Kisha nikafuta nukta kwa siku tatu. Vichwa nikaviweka katikati, aya nikazinyoosha, kurasa nikazipa namba. Nilipomaliza nilihifadhi, nikafunga, nikaenda kutafuta ile nakala. Faili lilikuwa moja tu, langu. Siku ile nilipoanza kufuta nilibonyeza kuhifadhi, lakini jina sikubadilisha.

Bi Pambizo alitafuta kila mahali mpaka chai yake ikapoa.

"Ungeniita kabla hujalifunga, tungerudi nyuma hatua kwa hatua." Akavua miwani. "Imekwenda, mwanangu."

Nilijifungia chooni, nikafungulia bomba wasinisikie. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Kule nilishikwa huku na huku. Hapa nilimfuta mwenyewe, kwa mkono wangu, na meneja akasema nimefanya kazi safi.

Jioni nilipeleka nyumbani kurasa za majaribio, nimwonyeshe mama mkwe. Hajui kusoma.

"Jina la mwanangu liko wapi?"

Nikamwonyesha, chini jaladani, juu kidogo ya namba ya simu ya ofisi.

"Dogo hivi?"

"Kesho nitalikuza, mama."

Kesho yake nililikuza kutoka herufi za ukubwa wa kumi na mbili hadi ishirini na nane, nikalifanya zito. Meneja alinijia mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, pole. Lakini hii ni hati ya ofisi, si kibao cha kaburi." Akalirudisha mwenyewe. Bi Pambizo akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Vitabu vilitoka vizuri, na mwezi ule nikapewa barua ya ajira ya kudumu. Nilimpelekea mama kitabu kimoja. Alikigeuza, akapitisha kidole jaladani, kikasimama juu ya namba ya simu ya ofisi.

"Ndilo hili?"

"Hapana, mama. Lile pale, juu kidogo."

"Mbona halijakua?"

Nikasogea karibu yake. Akanipa mkono wake. "Basi nionyeshe vizuri, nisilipoteze."

Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya jina, na tukakaa hivyo.