Shati la Kwaya

Gunia la kwanza lilikuwa halijafika nusu, na vidole vya Perpetua vilishaanza kuwaka kwa kupukuchua mahindi, simu ilipotetemeka mapajani mwake. Ilikuwa picha kwenye group la kwaya. Lori limelala ubavu kando ya barabara ya Mikumi, vitunguu vimetapakaa, na mtu amelazwa majanini, uso umefunikwa kanga. Alikuwa amevaa shati la bluu lenye kola nyeupe, sare waliyoshona Pasaka. Chini ya picha Theodory, mwimba besi, alikuwa ameandika: "Pumzika kwa amani ndugu yetu Valentino."

Valentino alikuwa utingo wa malori ya vitunguu, na mtoto pekee wa mama Filomena, mwenye mahindi haya. Dakika ile mama mwenyewe alikuwa jikoni akisonga ugali wa wapukuchuaji, akiimba. Simu yake ilikuwa chumbani, inachaji kwa sola.

Dole gumba la Perpetua lilishagusa alama ya kusambaza. Magroup yakajipanga: vijana wa kanisa, ukoo, vikoba. Alitaka tu asiubebe mzigo ule peke yake.

"Nini?" akauliza dada Yusta, mwenyekiti wa kwaya, aliyekaa upande wa pili wa mkeka.

Perpetua akamgeuzia simu. Yusta akaitazama kwa muda, hindi mkononi.

"Uso umeuona?"

"Hapana. Shati..."

"Mashati hayo tulishona ishirini na nne. Wewe ndiye katibu, group unaliongoza wewe. Ifute kwa wote, ufunge mtu asiandike. Mama haambiwi msiba na simu. Anaambiwa amekaa, ameshakula, na wa kumshika yupo."

Perpetua akafuta. Watu saba walikuwa wameshaandika pole. Yusta akamwambia ayaandike majina yao kwenye kiganja cha kushoto kwanza, ndipo afute na hizo pole.

Kisha Yusta akampigia Theodory, kwa sauti ya chini. "Theo, nani kakwambia amekufa?"

"Si amefunikwa uso, dada! Picha inaonyesha."

"Picha inaonyesha mtu amelala. Hata wewe Jumapili ulilala wakati wa mahubiri, hatukukuzika."

Perpetua akacheka machozi yakimtoka. Yusta alishapiga tena, kwa mdogo wake Magdalena anayeuza chipsi Mikumi, akimwomba achukue bodaboda mpaka hospitali akaone kwa macho yake.

Wakasubiri. Punje zilidondoka moja moja.

"Mbona mmepoa hivyo huko?" Filomena akaita toka jikoni.

"Njaa, mama!" Yusta akajibu, akaudaka ule wimbo wa jikoni kwa sauti ya pili, bila kutetereka hata kidogo. Perpetua akamtazama. Miaka sita wameimba pamoja, na hakuwahi kumsikia akiimba vizuri kama siku ile.

Simu ya Yusta ikaita. Yusta akasikiliza, akafumba macho, akayafumbua. "Ni yeye. Mguu umevunjika," akanong'ona. "Anaongea. Kanga alifunikwa na msamaria, jua lilikuwa linamchoma. Anasema mama asiambiwe kabla hajala. Anamjua."

Wakala; Perpetua alinawa mkono wa kulia tu. Filomena alipomaliza kunawa, Yusta akasogea, akaishika mikono yake ikiwa bado na maji.

"Mama, Valentino yuko hai. Nimeanza na hilo ili ulishike. Sasa nisikilize."

Filomena alilia, akauliza, akalia tena, mpaka alipoongea na mwanawe kwa simu ya Magdalena ndipo akaweza kusimama. Wakati Yusta anamfungia nguo za safari, Perpetua akamsogelea.

"Mama, kwaya niwaandikie nini?"

"Waandikie mguu," Filomena akasema. "Na wamwombee. Picha hapana."

Perpetua akaandika hivyo hivyo, hakuongeza neno. Yusta na mama walipoondoka kwenda Mikumi, akaanza kuwapigia wale saba, mmoja mmoja, awaambie Valentino yu hai na awaombe waifute picha kwenye simu zao. Wa nne alikuwa ameshaituma kwa watu wa Kidodi; ikabidi aombe namba za huko.

Jua lilipoingia yalibaki majina matatu, na hizo namba za Kidodi. Akafunika mahindi kwa turubai, akayanakili majina kwenye karatasi ya nyimbo, akaikunja na kuitia kwenye mkoba. Ndipo akanawa mikono.