Sharti la Arvella Kubena

Msimu wa pamba ulipoanza, Arvella Kubena alishinda kwenye kibanda cha kioo mbele ya kinu cha ushirika, akipima malori. Jumapili alasiri alipiga gitaa la pedali, lile linalopigwa likiwa limelazwa, katika ukumbi wa Machac, na watu waliokuwa na ndoa za miaka arobaini walikuja kucheza humo kana kwamba wangeachana Jumatatu wasipofika.

Corwin Pruett alimfuata kibandani mara tatu. Mara mbili za kwanza alikuta foleni ya malori, akaambiwa arudi. Mara ya tatu alipindua ndoo, akaikalia mpaka lori la mwisho likaondoka.

"Bi Arvella, nimeendesha gari siku mbili kutoka California."

"Nimeona namba ya gari. Nimeona na hizo buti. Huyo nyoka alikukosea nini?"

Corwin alizitazama buti zake za ngozi ya nyoka. Alikuwa amezinunua njiani.

"Ninatengeneza rekodi. Naomba uje upige. Wiki mbili tu."

"Los Angeles hakuna wapiga pedali?"

"Wapo. Nimejaribu wawili. Wanapiga vizuri sana. Halafu nikisikiliza naona ni nyimbo zangu za zamani, zimemwagiwa asali."

Hizo nyimbo za zamani zilikuwa zimemlisha miaka sita. Aliziimba na vijana wenzake wanne, wote wamevaa suti za rangi ya machungwa, na nyuso zao zilichapwa kwenye mikebe ambayo watoto hubebea chakula cha shule. Alipofika miaka ishirini na minane aliondoka kwenye kundi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, akipita Texas na redio ya gari ikiwa wazi, alikuwa amesikia kituo kidogo kikirusha dansi la Jumapili kutoka ukumbi fulani. Gitaa la mama mmoja, ambaye mtangazaji alimtaja jina, lilimfanya aegeshe gari pembeni mwa barabara. Tangu siku hiyo alikuwa ametunga nyimbo kumi za kantri zenye midundo ya roki, na kila aliyoitunga aliisikia ikiwa na gitaa hilo ndani yake. Arvella akikataa, angebaki na nyimbo kumi zenye tundu katikati.

Arvella alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi.

"Mimi sijui kupima wimbo kwa kinasa sauti. Njoo ukumbini Jumapili saa tisa. Nitamwambia Milton, mwenye ukumbi, akupe nafasi ya nyimbo tatu. Watu wakiendelea kucheza, nitakuja kwenu. Sakafu ikibaki tupu, unarudi nyumbani na huniandikii barua."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mwanangu. Na ndoo uirudishe ulikoitoa."

Jumamosi walifanya mazoezi kwenye banda la gari nyuma ya nyumba ya Arvella. Arvella aliketi mbele ya gitaa lake kama mtu aliyeketi mbele ya meza nyembamba: kipande cha chuma mkono wa kushoto, kucha za bati kwenye vidole vya kulia, miguu juu ya pedali, magoti katikati ya vyuma vidogo vya kusukuma. Milton Machac, mwenye ukumbi na mpiga fidla, alikuwepo pamoja na mpiga besi na mpiga drams. Corwin aliimba wimbo mzima. Fidla ililia, drams zikatwanga. Arvella aliweka mikono mapajani tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mbona hukupiga?" Corwin aliuliza.

"Wapi?"

"Popote ulipotaka."

"Ndiyo nakuuliza, wapi?"

Milton alicheka puani, akaanza kupaka upinde wa fidla yake utomvu mkavu. Corwin aliona kuwa wimbo haukumpendeza yule mama. Usiku kucha alibadilisha maneno ya ubeti wa pili.

Jumapili, ukumbi ulinukia soseji za moshi na maandazi ya plamu. Milton alinyunyiza unga wa mahindi sakafuni ili buti ziteleze, bendi ikaanza, na watu wawili wawili wakaingia kwenye mzunguko. Walizunguka ukumbi wote kwa mwelekeo mmoja, wakipita chini ya jukwaa bila kuinua macho. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alicheza amefumba macho kabisa, na hakumgonga mtu.

Lakini habari ilikuwa imefika kwenye chuo cha mji wa jirani. Saa tisa kasoro waliingia wasichana wapata thelathini, na Milton alipomwita Corwin jukwaani walikimbilia mbele, wakasimama wamebanana, wakitazama juu.

Corwin alifanya alichokizoea. Alisogea ukingoni mwa jukwaa, akainama, akaimba akiwatazama machoni mmoja mmoja. Mstari ulipokwisha aliuvuta kwa "oo" ndefu mpaka mstari uliofuata, na wao wakapiga vigelegele. Nyuso zote ziling'aa. Alijisemea moyoni kwamba kazi imekwisha, hata nyimbo mbili zilizobaki hazikuhitajika. Akageuka ashangilie pamoja na Arvella. Mikono ya Arvella ilikuwa mapajani.

Ndipo alipotazama nyuma ya wasichana. Mzunguko ulikuwa umekwama. Wote waliofika kwenye kona ya jukwaa walikuta ukuta wa migongo. Mzee mmoja alisimama amemshika mkewe kiunoni, kama dereva anayesubiri treni ipite, kisha akakata tamaa, akamrudisha mezani. Wengine wakafuata. Yule bibi wa nywele nyeupe alifumbua macho, akauliza kumetokea nini. Wimbo ulipokwisha, makofi yalikuwa makubwa kuliko yote ya siku ile, na hakuna aliyekuwa akicheza.

"Umeniulia sakafu, kijana," Milton alisema. Hakusema kwa hasira.

"Mmoja," Arvella alisema.

"Nifanye nini?"

"Mwimbaji ni wewe. Mimi napima pamba."

Chini, wasichana walianza kumtajia wimbo wa zamani, ule wa suti za machungwa. "Imba ule, Corwin! Ule tu!" Aliujua hata akiwa usingizini. Aliangalia meza za pembeni, wazee wakinywa bia zao bila kinyongo, wakisubiri apite kama mvua inavyosubiriwa ipite.

"Akina dada," alisema kwenye kipaza sauti, "hapa mahali pa kucheza. Chukueni mtu mcheze."

Wakacheka. Walidhani ni utani.

Akanyanyua kipaza sauti pamoja na stendi yake, akakibeba mpaka nyuma, kati ya drams na mpiga besi, mahali nguzo ilipomficha nusu ya uso. Msichana mmoja akapaza sauti, "Hatukuoni!" Corwin aligeuza bega, akamwelekea Arvella, na Milton akahesabu mapigo ya kuanzia.

Aliimba mstari mmoja. Kisha akafunga mdomo.

Kilikuwa kitu kigumu kuliko alivyofikiri. Kwa miaka sita hakuwahi kusimama jukwaani bila kufanya lolote, na koo lilimwasha kwa kutaka kujaza pengo lile. Aliuma ulimi. Mapigo mawili yakapita, matupu.

Arvella akainua mikono.

Sauti ilianza chini, ikapanda polepole bila ngazi, na alipokanyaga pedali waya mmoja ulisogea huku mwingine ukibaki palepale, kama mtu anayenyanyuka kitini wakati mwenzake bado ameketi. Ilimaliza sentensi ambayo Corwin aliiacha, ikanyamaza kabla hajavuta pumzi ya kuimba tena. Akaimba mstari wa pili. Akafunga mdomo tena, safari hii bila shida sana. Sasa alijua Arvella alikuwa akiuliza nini kwenye banda la gari.

Wasichana, walipokosa cha kutazama, waligeukiana. Baadhi walikwenda kununua soda. Mzee mmoja alivua kofia mbele ya msichana mwenye sketi ya kijani, akamwambia kitu, msichana akacheka, akampa mkono. Kona ilifunguka. Mzunguko ukaanza kusogea, kwanza kwa kusitasita, kisha wote.

Katika wimbo wa tatu Corwin aliona visogo na kofia tu. Alitafuta jicho moja lililomwelekea, akakosa. Ilimuuma kidogo; hakulificha hilo nafsini mwake. Lakini aliendelea kuimba, na kuacha nafasi.

Bendi ilipopumzika, mkulima mmoja alikuja jukwaani kumshika Arvella mkono. "Bi Arvella, leo umetuua." Kisha akamgeukia Corwin kwa adabu. "Na wewe, kijana, ndiye uliyemleta huyo mwimbaji?"

"Ndiye," Arvella alijibu badala yake.

Mkulima akaondoka ameridhika.

"Wa kwanza ulikufa," Arvella alisema.

"Ndiyo. Ulikufa." Alitaka kuongeza kwamba mbili kati ya tatu si haba, lakini hayo hayakuwa makubaliano. "Nashukuru kwa kunipa nafasi, Bi Arvella."

Akanyoosha mkono aage. Arvella hakuupokea. Alikuwa akizitoa kucha za bati vidoleni, moja moja.

"Huo usiuweke kwenye rekodi."

Corwin alichelewa kuelewa. "Kampuni imeuchagua huo utoke kwanza. Wamekwisha kuutengenezea na picha."

"Sijasema usiuimbe. Nasema mimi siupigi, na rekodi yenye huo siipigi. Hauna mahali pa kuniweka."

Mpiga drams alikuwa ameanza kugonga taratibu, kuita watu. Corwin alifikiria simu ambayo ingembidi apige kesho asubuhi, na sauti ya mtu ambaye angeipokea.

"Basi hautakuwemo," alisema.

"Pamba inakwisha baada ya wiki tatu. Njoo unichukue Jumatatu itakayofuata hapo, na uje na gari lenye nafasi, hili gitaa lina uzito wa ndama." Akavaa tena kucha zake. "Sasa shuka jukwaani. Kuna mjane pale mlangoni hajacheza tangu saa nane."

"Sijui hatua zenyewe, Bi Arvella."

"Anazijua yeye."