Gundi ya Kibindoni

"Na hiyo mikono ni ya nani?" mgeni mmoja aliuliza, macho yakiwa ukutani video ilikoonyeshwa.

Nyamvula alijisogeza kwenye gongo lake, akajitayarisha kuitwa asimame. Leso yake ilikuwa mpya, bado inanuka duka. Anwar alikuwa amemwahidi: wageni wakija, atamtambulisha kuwa fundi mkuu, apate ajira ya kudumu na meza yake mwenyewe.

"Ah, mikono tu," Anwar alijibu. "Mbinu nimeibuni mimi. Cheryl atawaonyesha." Kisha akashusha sauti. "Mama Nyamvula, hebu tusaidie na chai."

Miaka kumi na saba Nyamvula alikuwa akipachika mawe kwenye pete kwa gundi kule karakana ya Bombolulu, mpaka Anwar alipomfuata. Injinia huyu alipiga shati pasi hadi akaogopa kuketi. Alikuwa amekodi nyumba Kiembeni, akiunda vipokea mwanga vya skana za hospitali.

"Mama, mimi nina shahada mbili na vidole kama ndizi," alimbembeleza. "Niokoe."

Kazi ilikuwa kugandisha kwa gundi vifuwele, vijiwe angavu vidogo kama punje za mchele, juu ya vipokea mwanga. Mnururisho, miale ya dawa iliyo mwilini mwa mgonjwa, ukikipiga kifuwele, kifuwele hutoa cheche ya mwanga. Skana hulinganisha cheche mbili, moja kila upande wa mgonjwa, ipi imetangulia, ndipo ijue uvimbe ulipo. Gundi ikiwa na povu, mwanga hupotea njiani, na saa ya skana huanza kubabaisha kama shahidi wa kununuliwa. Vipokea alivyogandisha Anwar vilichelewa. Vya Nyamvula viliwahi, hata Anwar akapima mara tatu akidhani kipimo kimelewa.

"Umefanyaje, mama?"

"Nimefanya kama pete."

Ndipo Anwar akaleta simu, akapiga video ya mikono yake, ati ni kumbukumbu. Akaleta na Cheryl, msichana mpole wa chuo. Wiki mbili Nyamvula alimfundisha, akidhani anajifundishia msaidizi.

Sasa, mbele ya wageni, Cheryl alitoa chupa ya gundi kabatini, chini ya kiyoyozi, akadondosha tone, akaweka kifuwele. Kila kitu kama kwenye video. Kwenye skrini ya darubini, povu likatokea katikati ya gundi. Akarudia. Yakawa mawili.

Mgeni akakohoa. Anwar akapangusa paji la uso, akamsogelea Nyamvula aliyesimama na birika.

"Tumekosea wapi, mama?"

Nyamvula alimtazama. Tangu alipoanza kazi ya pete, chupa yake ya gundi ilikaa kibindoni, ndani ya pindo la leso kiunoni, ikipata joto la tumbo hadi gundi ilegee na povu lipande lenyewe. Hakuwahi kulisema jambo hilo kwa sababu hakuwahi kulifikiria. Na video ya Anwar ilikuwa imemkata kwenye viwiko; kiuno hakikuonekana.

"Mbinu si ni yako, mwanangu?" alisema taratibu.

"Mama, tafadhali. Tutazungumza baadaye."

"Tulishazungumza."

Aliweka birika mezani, akamshika Cheryl bega kidogo, akatoka. Kwenye ngazi za nje aliketi, akanyoosha mguu wake mbovu juani. Mlango nyuma yake ulifunguka. Nyamvula hakugeuka. Aliweka kiganja juu ya pindo la leso, ambapo chupa ya leo, aliyoibeba tangu alfajiri, ilikuwa bado na joto.