Mpangaji wa Siku Tano

Bi Attracta Mulkerrin alipompangisha Colman Tansey chumba cha juu, alimpa sharti moja: kila Ijumaa jioni aondoke, arudi Jumatatu. Wikiendi alitaka nyumba iwe yake, asisikie mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta. Colman, fundi umeme wa miaka hamsini na ushei, hakubisha. Alisema atakuwa anakwenda kwao Mayo, kwa mkewe.

Hakuwa na makuu, mtu yule. Aliosha kikombe chake, na ngazi alizipanda kwa soksi ili asimsumbue mwenye nyumba.

Jumapili moja ya Februari, baada ya misa, Bi Attracta alipitia ufukweni Salthill kunyoosha miguu. Akaliona gari la Colman. Kiti kimelazwa, mwenyewe kajikunyata ndani, koti la kazi limemfika kidevuni. Dirishani lilining'inia shati ambalo Colman alilipiga pasi Alhamisi, jikoni kwa Bi Attracta. Bi Attracta aliinua mkono agonge kioo, akaushusha. Akageuka, akaenda zake upesi kama aliyeiba.

Mchana ule alikula peke yake. Juu kulikuwa na vyumba vitatu, vyote vitupu.

Jumatatu alimwuliza habari za Mayo. Colman akasema ni njema, ila baridi kidogo. Bi Attracta akamwongezea soseji, na hakuweza kumtazama akila. Wiki tatu zikapita hivyo. Kusema kungekuwa kukiri kwamba alimwona, akampita.

Alhamisi ya wiki ya nne alijikaza.

"Colman, kesho usiondoke. Kaa tu. Mvua itakuwa kubwa."

Colman aliweka uma chini.

"Ulivaa koti la kijani siku ile," alisema taratibu. "Nilikuona ukigeuka."

Uso ulimwiva Bi Attracta. "Mbona hukuniambia kitu?"

"Nikwambie nini, mama? Nyumba yako, na tulikubaliana. Mimi ndiye niliyekudanganya. Mke tuliachana zamani."

Afadhali angekasirika. Lakini alizungumza kwa upole, akamweleza kwamba amepata chumba Oranmore, cha siku zote saba, na anahamia Jumamosi.

"Basi ukae hapa hadi Jumamosi," alimsihi.

Akakaa. Ikawa Ijumaa yake ya kwanza kulala mle ndani, na ya mwisho. Jumamosi asubuhi Colman alimshukuru kwa wema wake, akampa mkono. Bi Attracta alibaki mlangoni muda mrefu baada ya gari kukata kona, shukrani ile ikimchoma.