Cheusi cha Tano

Mwanga unaingia kwa kigae cha kioo, kile kimoja kilichopachikwa katikati ya vigae vyekundu vya paa, unashuka, unashuka mpaka rafu ya jikoni, unakikuta kishikwambi cha Kamalakshi kimeegemea kopo la unga wa mtama. Vumbi limekilalia usoni, vumbi la mji wa Dharwad, jekundu, lisilojua kuchoka. Ni mahali pawili tu kioo kinang'aa: pale anapowashia mvumo, na pale palipoandikwa Baadaye.

Kila asubuhi kishikwambi kinamwomba akisasishe. Kila asubuhi anakijibu kwa kidole: Baadaye. Miaka tisa sasa wanajibizana hivyo, na hakuna aliyenuna.

Ndani yake imo tanpura, zile nyuzi nne zisizo na wimbo wao wenyewe, kazi yao kuvuma, kuvuma tu nyuma ya mwimbaji ili asipotee. Anagusa, zinaamka. Zinakwaruza kidogo, zinachelewa kidogo, na kishikwambi kinapata joto mgongoni kama mtoto mwenye homa. Naye hujiuliza: huyu mzee wa kioo, anasikia? Anajua kwamba sauti anayoivumia, ya kibonye cheusi cha tano cha kinanda, ilichaguliwa na mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na anayeimba mbele yake leo ana hamsini na nane?

Maana Sa ya juu, ile noti ambayo wimbo mzima hupanda kuifuata, haimjii tena. Miaka minne iliyopita, katika ukumbi wa hekalu la Maruti, ilimkatikia kooni watu wakimtazama. Tangu siku hiyo hajaimba hadharani. Ijumaa hii wamemwita tena, naye, sijui alipatwa na nini, kakubali.

Sharavati, anayempigia kinanda tangu wote wawili wana nywele nyeusi, alikuja Jumatano asubuhi kwa mazoezi. Akakitazama kile kishikwambi, akacheka.

"Dada, hii maiti bado hujaizika? Sasisha basi! Mimi changu siku hizi kinavuma kama maji."

"Changu kinanitosha."

"Kinakutosha, au unakiogopa?"

Kamalakshi akajifanya anatafuta chumvi.

Aliogopa, ndiyo. Alikuwepo siku Sharavati aliposasisha chake. Kilizima, kikawaka, kikawa kimesahau kila kitu, na kabla hakijavuma kikauliza kwa adabu: Sauti yako ni ipi? Sharavati alichagua huku anatafuna tamutamu za maziwa. Kamalakshi alitoka nje. Swali hilo ndilo analoliahirisha kila asubuhi, wala si kingine.

"Cheusi cha tano, kama kawaida?" Sharavati aliuliza, vidole juu ya kinanda.

Huko chini ya cheusi cha tano kukoje? Kamalakshi alijiuliza, kwa udadisi tu, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani. Kuna nani huko? Kishikwambi hakikumuuliza, hakijui kuuliza, kikongwe kile. Kama ni kusema, atasema mwenyewe. Akafuta vumbi kwa ncha ya sari, akaupata mshale wa kushuka, akabonyeza. Nyuzi zikasita, zikashuka ngazi moja. Akasikiliza. Akabonyeza tena, bila kuambiwa na mtu.

"Cheusi cha nne," alisema.

"Haya," Sharavati akajibu, akahamisha vidole.

Akaanza chini, taratibu, mahali kifuani ambapo hakuwahi kukanyaga. Kulikuwa na nafasi huko, kulikuwa na joto, kulikuwa na sauti nene ya mwanamke asiyemjua, akampenda papo hapo. Akapanda. Akapanda tena. Akaifikia Sa ya juu, nayo imeshuka pamoja na nyuzi, akaingia, akakaa, akakaa mpaka Sharavati akasahau kupiga. Alifurahi mpaka akaona haya.

Kisha akavuta pumzi, akaiimba tena, kuhakikisha.